Sheria ya Waliofilisika, Ndani ya Plastiki

Mwaka 2015, nikiwa na miaka sitini na moja, nilifilisika. Sisemi niliyumba, wala sisemi mambo yalikwenda kombo. Hayo ni maneno ya watu wenye haya. Nilifilisika. Asubuhi nilikuwa na spaza Soweto, duka la gereji lenye unga, sukari, sabuni, mkate na kadi za simu. Jioni nilikuwa na ufunguo. Mlango wenyewe walikuwa wameondoka nao.

Waliovunja maduka ya wageni siku ile sitawasema sana. Baadhi yao walikuwa wateja wangu, walijua vitu vilipo kuliko mimi. Mwenye gereji, gogo mmoja, yaani bibi kizee, mwenye sauti ya kengele ya shule, alisimama katikati ya barabara akawatukana mpaka mababu zao. Alipoona hawamsikii, akaamua na yeye aokoe kitu. Akaokoa friji. Aliikokota hadi sebuleni kwake, kisha akanipigia simu: "Mkhulu," yaani babu, "usijali, friji nakutunzia." Mpaka leo ananitunzia.

Shule niliishia darasa la pili, na hata huko nilikuwa nakaa karibu na mlango. Nilitoka Tanga nikaingia Johannesburg mwaka ule weupe na weusi walipopanga foleni moja kupiga kura. Nilianza kwa kuuza sigara moja moja kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku. Kila nilichokuwa nacho nilikipata kwa miguu yangu na mdomo wangu. Kwa hiyo nikisema nilifilisika, nataka ieleweke kwamba nilichopoteza hakuna aliyenipa.

Isipokuwa bidhaa. Bidhaa nilipewa. Zilitoka mtaa wa Mayfair, humu humu mjini, kwa Msomali mmoja muuza jumla ambaye sote tulimwita Hajji. Hajji hakuwa na habari ya mikataba. Ukimwendea mara ya kwanza anakuangalia viatu, anakuuliza unasali wapi, anakunywesha chai ya maziwa yenye iliki, halafu anasema, "Pakia." Ukishauza unarudi unalipa. Nusu ya maduka ya Soweto yalisimama juu ya neno hilo moja la "pakia." Wadai wangu wadogo, wa mkate na wa maziwa, niliwalipa kwa kuuza gari. Akabaki Hajji, na deni lake lilikuwa la duka zima.

Hakunitafuta. Hilo ndilo lililoniua. Kila mtu aliyetoka Mayfair aliniletea salamu zake. "Hajji anakusalimu." "Hajji anauliza hali." Salamu za mdai ni kama mbu: haumi sana, ila hulali. Nami nikahamia Rosettenville, kusini mwa mji, nikawa nasali kwenye chumba juu ya gereji ya matairi. Watu wakasema najificha. Sikujificha. Nilibadilisha msikiti.

Sasa, asiyejua desturi yetu nimweleze, maana habari yote imekaa hapo. Muislamu akifa, kabla hajasaliwa, mtu wa familia anasimama mbele ya jeneza anauliza watu: kuna anayemdai marehemu? Ajitokeze, au asamehe. Mimi nimehudhuria maziko mengi katika mji huu na nimeona watu wakijitokeza. Nimeona mtu akidaiwa jokofu la samaki akiwa amelala ndani ya sanda. Hawezi kujibu, hawezi kutoa kisingizio, hawezi hata kubadilisha msikiti.

Mwaka uliofuata daktari wa hospitali ya serikali akaniambia mshipa mmoja wa moyo umebana. Akanieleza habari za mafuta na chumvi. Sikumsikia. Nilikuwa namwona Hajji anainuka kwenye safu ya kwanza, na kofia yake nyeupe na ile fimbo yake, anasema, "Mimi namdai." Na Mayfair nzima inageuza shingo. Miaka zaidi ya ishirini nimejijengea jina, halafu liangushwe siku ambayo siwezi hata kupiga chafya! Kufa sikuogopa. Niliogopa kufa kabla ya kumalizana na Hajji.

Rosettenville niliingia biashara ya fenicha zilizotumika. Wareno wazee walikuwa wanahama au wanakufa, na watoto wao hawataki makabati ya mbao nzito. Mimi nilinunua, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikawauzia Wakongo, ambao wanapenda kabati liwe kama kanisa. Kwenye duka la jirani alikuwapo fundi cherehani kutoka Lubumbashi, aliyekuwa mwalimu huko kwao. Kiswahili chake kimevaa suruali ya Kifaransa, lakini Kiingereza anakisoma kama mtu anayekula muwa.

Mwaka 2017 mjane mmoja wa Kireno aliniuzia nyumba nzima, yaani vitu vyote vya ndani, kwa bei moja. Alikuwa anakwenda kuishi na binti yake ng'ambo. Nikanunua vitanda, meza, sufuria na mende wao. Ukutani kulikuwa na karatasi ndani ya fremu, imekuwa rangi ya chai, imechapwa maneno mengi, na chini yake kuna saini ya wino, mkia mrefu kama wa tiara.

"Hii vipi, mama?" nikamuuliza.

"Ya marehemu," akasema. "Alikuwa anakusanya saini za wakubwa. Mimi nilitaka akusanye pesa. Chukua."

Nikachukua kwa ajili ya fremu. Ilikuwa fremu nzuri.

Fundi ndiye aliyenizuia nisiitoe karatasi. Alikuja kuazima nyundo, akaiona juu ya meza, akavaa miwani.

"Papa, hii umetosha wapi?" Kwao kutosha ni kutoa.

"Imekuja na kabati."

"Papa, hii ni loi. Sheria ya Amerika. Ya zamani, nchi yao ingali mtoto. Ni ya batu benye bamefilisika."

"Wamarekani nao hufilisika?"

"Njo banaanza nayo," akasema. "Njo" yake ndiyo "ndiyo" yetu.

Mchana ule aliacha suruali ya mteja ikining'inia bila mguu mmoja, akanisomea. Sitasahau. Ilikuwa sheria ya kwanza ya nchi yao nzima kuhusu mtu aliyeshindwa kulipa. Kabla yake, kila jimbo lilikuwa na mambo yake, na mdaiwa alitupwa jela, hata awe tajiri wa juzi. Fundi alitafuta kwenye simu akaniambia kuna mkubwa mmoja aliyetafuta pesa za vita vyao vya uhuru, naye akaishia ndani kwa madeni. Sheria hii ikasema: mfanyabiashara akifilisika, wadai wake wampeleke mbele ya sheria, atoe kila alichonacho kwa kiapo, asifiche hata kijiko. Akifanya hivyo, na theluthi mbili ya wadai wakikubali, anapewa cheti. Deni limekufa. Yeye mzima.

"Rudia hapo," nikasema.

"Deni imekufa."

"Hapo pa mfanyabiashara."

"Ni ya bafanyabiashara tu, Papa. Mukulima hapana. Fundi hapana."

"Na fundi wa nguo?"

Akatazama tena karatasi. "Hapana."

"Basi wewe jela," nikamwambia. Nikampenda aliyetunga sheria ile papo hapo. Kwamba hawakudumu nayo, waliifuta baada ya miaka michache tu, hilo fundi alinieleza nikajifanya sijasikia.

Yeye alikuwa anafikiria mengine. Aliipiga picha saini, akamtumia mzungu mmoja wa upande wa kaskazini anayeuza karatasi za kale kwa matajiri. Saini ilikuwa ya waziri wa serikali yao ya mwanzo, aliyethibitisha nakala ile kwa mkono wake. Mzungu alijibu kabla fundi hajamaliza kushona mguu wa suruali. Akataja bei kama karatasi ni halisi na hali yake ni ile ile ya kwenye picha. Fundi aliisoma bei mara mbili kisha akakaa chini. Ilikuwa inatosha kumlipa Hajji na kununua pikapu, na pikapu isiwe ya kusukuma.

Mwisho wa ujumbe mzungu aliandika: tafadhali iangalieni sana, msiiguse, ilindeni na maji na vidole.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa watu hunicheka kabla sijafika. Mgeni yeyote aliyeishi Johannesburg anajua karatasi inavyolindwa. Karatasi ndiyo roho yako. Polisi akikusimamisha haulizi wewe nani, anauliza karatasi. Nimeona watu wakifungiwa kwa sababu karatasi yao ililowa jasho ikafutika tarehe. Kwa hiyo karatasi yenye maana tunaifanyia mambo mawili. Kwanza unatoa kopi, unaipeleka kituo cha polisi wakaigonge muhuri kwamba ni sawa na ya asili. Pili, ile ya asili unaipiga laminesheni, ile plastiki ya moto. Cheti changu cha ndoa kimepigwa laminesheni. Cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, hivyo hivyo. Kadi ya kliniki ya marehemu mama yangu, aliyefia Tanga na hakuwahi kufika huku, nayo imo kwenye plastiki.

Kesho yake nikaanzia polisi. Nilipanga foleni na watu wa vyeti vya shule. Askari alikuwa kijana mnene anakula chipsi.

"Nini hii, baba?"

"Sheria ya Marekani."

"Original iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaitazama ya asili, akaitazama kopi, akafuta kidole kwenye suruali.

"Wewe unatafuta kazi Marekani?"

"Hapana. Nimefilisika."

"Eish," akasema, akagonga muhuri. Kopi tatu, na saini yake juu. Bure.

Kutoka hapo nikavuka barabara kwa dada wa fotokopi. Aliichukua kwa ncha za vidole. Alikuwa msichana wa adabu. Akauliza kama naitaka ngumu au laini. Nikamwambia ngumu, ile ya moto sana. Mashine ikaimeza upande huu ikaitoa upande ule, inang'aa, haina kikunjo, haina vumbi. Nikaipiga bomba la mvua kidogo nyumbani kujaribu. Haikupenya hata tone.

Siku ya kwenda kaskazini nilivaa kanzu. Fundi alivaa suti. Mzungu wa karatasi alikuwa mzee wa rika langu, duka lake lina baridi kama mochwari, amevaa glavu nyeupe. Nikaitoa kwenye mfuko nikaiweka juu ya meza, ikalia pa! kama sahani.

Alivua glavu. Aliinama akaisogelea, akaigonga kwa ukucha, halafu akafumba macho kama mtu anayesikiliza taarifa ya msiba.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema kwa fahari. "Maji hayaingii. Nimejaribu."

Fundi akakohoa. Mzungu akaanza kueleza taratibu, fundi ananitafsiria: moto wa mashine umeyeyusha gundi ndani ya karatasi; karatasi na plastiki sasa ni kitu kimoja; kuitoa ni kuichuna ngozi; hakuna mnunuzi duniani.

"Hata nusu ya bei?"

"Rafiki yangu," akasema, "sasa ni kitu cha kuwekea sahani ya moto."

Akakaa chini, machozi yanamlenga. Ikabidi mimi mwenye hasara nimpe yeye pole. Nikamwambia Mungu atampa nyingine. Tukatoka nje, tukatembea hadi kituo cha taksi. Hapo fundi akasema, "Papa, banasema musiiguse."

"Sikuigusa! Mashine ndiyo iliyoigusa."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia moyo unanikwaruza, na nilikuwa namwona Hajji anainuka.

Ijumaa ile niliamua. Nimekosa pesa, lakini sheria ninayo. Nikachukua kopi moja yenye muhuri wa polisi, nikamwambia fundi anisomee tena mpaka nikashika vifungu kichwani, nikapanda taksi mpaka Mayfair. Hajji alikuwa amekaa pale pale, juu ya magunia ya sukari, na mwanawe mkubwa anahesabu maboksi nyuma yake.

"Assalaam alaykum, Hajji."

"Waalaykum salaam. Ni wewe? Mimi nilisikia umekufa."

"Bado."

"Ningekuja maziko."

"Ndilo nililoogopa."

Akanitazama viatu. Akamwambia mwanawe alete chai. "Umeleta pesa yangu?"

"Nimeleta sheria."

Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, alikokaa kabla ya kuja huku. "Wacha mchezo, mzee. Leta nione." Akaishika kopi mbali na macho, akapita kidole juu ya muhuri. Hajji alikuwa na imani kubwa na muhuri. "Hii ni ya polisi?"

"Ya polisi."

"Polisi ya hapa?"

"Ya hapa."

"Sasa polisi ya hapa, na Amerika, na sukari yangu, wamejuana wapi?"

Nikamweleza. Nikasimama kama wakili, nikamwambia mimi ni mfanyabiashara, sheria inanihusu. Niko tayari kutoa kila nilichonacho kwa kiapo. Theluthi mbili ya wadai wakikubali, deni limekufa. Mwanawe aliacha kuhesabu. Hajji alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu.

"Hao watu walikuwa na akili," akasema. "Uko na wadai wangapi?"

"Amebaki mmoja. Wewe."

"Kwa hivyo hiyo theluthi mbili ni mimi."

"Ni wewe."

"Na ile theluthi ingine?"

"Pia wewe."

Akafumba macho, akashika kidevu.

"Sawa," akasema. "Theluthi mbili imekubali. Imesamehe kwa ajili ya Mungu, kwa sababu hukuiba, uliibiwa. Lakini theluthi moja imekataa. Hiyo moja ni Msomali. Inataka mali yake."

Mwanawe akaangusha boksi kwa kicheko.

"Na usikae," Hajji akasema. "Sheria imesema utoe vyote. Taja."

Nikataja hapo hapo, mbele ya wabebaji na wateja: makabati, vitanda, meza ya kulia ya watu wanane, msasa wangu, vanishi yangu, mpaka masufuria ya yule mjane. Kila nikitaja kimoja ananiuliza mbao gani, droo ngapi, inafunga au haifungi. Theluthi yake akaichukua kwa fenicha. Nilimpelekea meza za ofisi, rafu za ghala, kabati la mke wake, vitanda vya wajukuu. Hakukubali kitu chenye mguu unaocheza. Mwaka 2018, nilipopeleka kitanda cha mwisho, alikilalia dukani kwake mbele ya watu kukijaribu, akainuka akanipa mkono.

"Deni imekufa," akasema. "Wewe mzima."

Niliomba cheti. Akasema cheti ni mkono huu. Ile kopi aliibandika juu ya kaunta yake, na mtu akija na hadithi za kushindwa kulipa, anamwonyesha: "Soma hiyo. Kwanza taja vitu vyako." Wengi walilipa bila kutaja.

Nilirudi kusali Mayfair, safu ya kwanza. Mshipa wangu bado umebana, lakini nililala.

Mwaka 2019 Hajji aliniagiza kiti. Mgongo wake haukutaka tena magunia. Nikampatia cha ngozi, kinachozunguka, nimekipigia rangi mwenyewe. Alikizunguka mara kadhaa kama mtoto, akasema, "Mfuko wangu uko nyumbani. Ijumaa nitakupa." Nikamwambia Hajji, sasa wewe ndiye mdaiwa. Akasema, "Usijifanye. Pakia ulichonacho uende."

Hakuifikia Ijumaa. Alhamisi alikuwa mbele yetu, ndani ya sanda, jeneza refu kuliko nilivyomdhania. Msikiti ulifurika hadi barabarani. Mwanawe mkubwa akasimama, akauliza: kuna anayemdai baba yetu?

Nani atamdai Hajji? Sisi sote tulikuwa tumedaiwa naye. Nikaona magoti yangu yananyooka.

"Mimi," nikasema.

Mayfair nzima ikageuza shingo. Shingo zile zile nilizoziogopa.

"Namdai kiti kimoja."

"Utalipwa, mzee wetu," mwanawe akasema.

"Sitaki kulipwa. Theluthi mbili nimesamehe."

Watu wakanong'ona, mmoja akaniambia keti. Lakini mwanawe alikumbuka, nikauona mdomo wake unatetemeka kati ya kilio na kicheko.

"Na ile moja?" akauliza.

"Ile moja ni ya mtu wa Tanga, mbishi. Lakini nayo imesamehe."

Tukasali.

Siku arobaini zilipopita waliniletea kile kiti, wakasema wao hawana wa kukikalia. Nimekikalia sasa naandika haya, na binti yangu ananisahihishia herufi. Nilivyo navyo leo ni hivi:

Duka moja la fenicha Rosettenville, la kupanga.

Pikapu moja, ya kusukuma.

Makabati saba, yote yanafunga.

Mke mmoja, binti mmoja, mshipa mmoja uliobana.

Kiti kimoja cha ngozi, kinazunguka.

Sheria moja ya Marekani, ya asili, ina saini, haipiti maji. Haiuzwi.

Deni, sina.

Friji moja. Iko Soweto, inatunzwa.